Bega la Mama na Mtaalamu wa Koridoni

Mume wangu alirudi kutoka Mwanza na cheti, bango la mwili wa binadamu aliyechunwa ngozi, na neno jipya. Cheti alikitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi yetu. Bango alilibandika kwenye chumba cha watoto, maana watoto wako vyuoni na hawana tena usemi juu ya chumba hicho. Neno lile alibaki nalo mdomoni, na mpaka leo halijamtoka. Neno lenyewe ni "inasemekana".

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Bariadi, na kwa kazi yangu siwezi kulisikia neno likapita hivihivi bila kulikagua. "Inasemekana" ni kitenzi kisicho na mwenyewe. Ukisema daktari anasema, tunaweza kumfuata huyo daktari tukamuuliza. Ukisema inasemekana, hakuna wa kumfuata; maneno yamejisema yenyewe, yakavuta kiti, yakakaa. Nimewakata wanafunzi alama kwa sababu ya neno hili miaka nenda miaka rudi, halafu nikaanza kulinywea chai kila asubuhi nyumbani kwangu.

Kisa chenyewe kilianzia mgongoni. Mume wangu ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kuinamia marobota kulikuwa kumemkunja akawa anatembea kama anatafuta sindano chini. Rafiki yake akampeleka Mwanza kwa mama mmoja anayetibu kwa mikono. Yule mama alimgusa kidogo, akatoka nje. Akarudi, akamgusa kidogo, akatoka tena. Mwisho wa zoezi hilo mume wangu alishuka kitandani amenyooka, na sikatai kwamba alinyooka, nilimwona kwa macho yangu. Nilimkumbusha mara moja tu kwamba msimu wa pamba ulikuwa umekwisha na alikuwa hajainamia robota kwa muda mrefu. Aliniambia nina roho ngumu, na kwamba roho ngumu hukaa kwenye nyonga.

Basi akaenda kusomea, na aliporudi tukaanza kuelezwa namna tiba hii inavyofanya kazi.

Kwanza, hakuna mafuta wala kukanda mpaka mtu alie. Mgonjwa analala na nguo zake. Unaweka vidole gumba juu ya msuli, unaisogeza ngozi kidogo upande mmoja, unasubiri, kisha unaubiringisha msuli chini ya kidole kwa upole, kama mtu anayejaribu parachichi sokoni bila muuzaji kumwona. Hapo, inasemekana, msuli unapeleka habari kwenye mishipa ya fahamu, mishipa inaifikisha kwenye ubongo, na ubongo unashtuka kugundua kwamba ulikuwa umeukaza mwili bure tangu ile siku wewe ulipoanguka na baiskeli ukiwa shule ya msingi. Ubongo unaona aibu, unatoa amri ya kulegeza. Kila kitu kinalegea, hata ambacho hakikuwa kimekaza.

Pili, kuna kile kitu cha chini ya ngozi. Alinijia akitaka neno la Kiswahili la kitu kinachofunika kila msuli na kila kiungo, kutoka utosini mpaka unyayoni, kipande kimoja kisicho na mshono, kiasi kwamba ukivuta kisigino, shingo inajua. Nikampa "utando". Mteja wake wa kwanza, mama mmoja muuza mchele, alisikia utando akafikiria buibui, akaudhika, akasema yeye kwake anafagia. Mume wangu akabadili mbinu. Akawa anawaambia watu: ule utando mweupe unaouona ukichuna ng'ombe, kati ya ngozi na nyama. Hapo wote wakaelewa papo hapo, maana ni nani huku Simiyu hajaona ng'ombe akichunwa? Mzee mmoja mfugaji alielewa vizuri kuliko wote, ila aliomba kabla ya kulala ahakikishiwe kwamba hakitatumika kisu.

Tatu, na hapa ndipo penye utaalamu, mtaalamu anatoka nje. Akishabiringisha misuli kidogo anamwacha mgonjwa peke yake, anafunga mlango, anakwenda kukaa koridoni kwenye kiti cha plastiki. Inasemekana mwili unahitaji kuisikiliza ile habari, na hauwezi kuisikiliza vizuri ukiwa unatazamwa. Siku moja nilimkuta koridoni anacheka peke yake, anaangalia magoli kwenye simu. Nikamuuliza anafanya nini.

"Ninatibu," akanijibu, wala hakuinua macho.

Hali ilikuwa hivyo nyumbani kwetu pale mama yangu alipoletwa kutoka Ipililo na bega bovu.

Mama anaishi peke yake tangu baba afariki. Ana nyumba yake, shamba lake la pamba na mahindi, na ng'ombe ambao anawafahamu kwa tabia zao kuliko anavyotufahamu sisi wanawe. Mwishoni mwa kiangazi mkono wake wa kulia ulikataa kupanda. Uliishia kifuani, basi. Hakuweza kujitwisha ndoo wala kujifunga kitambaa cha kichwa. Alikuwa akioga kwa mkono wa kushoto na kukataa msaada wa majirani, akisema bega ni lake na maji ni yake.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Maswa mjini, alichukua hatua kama kaka wakubwa wanavyochukua hatua, yaani kwa simu. Alitangaza kwamba mvua zikianza kabla bega halijapona, shamba litakodishwa, ng'ombe tutagawana kuwatunza, na mama atahamia kwangu moja kwa moja. Hakuwa na nia mbaya. Anampenda mama kwa namna ile ya kupanga. Mama alipoelezwa hakubishana, alisema tu kwamba jembe lake ameliwekea mpini mpya. Ndipo nilipoelewa kwamba lile bega lilikuwa limebeba nyumba nzima, na kwamba asipopona, mama yangu atazeeka kwenye chumba cha watoto akitazama bango la mtu aliyechunwa.

Nilimpeleka hospitali kwanza. Daktari, binti mpole, alimpima akasema bega limeganda, jambo linalowapata sana akina mama wa umri ule. Alimpa vidonge vya maumivu, akamfundisha kusimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, kidogo kidogo kila siku, na akasema taratibu litaachia lenyewe.

Mume wangu alipoyasikia hayo alimhurumia yule daktari. Litaachia lenyewe! Bila mtu! Nilimkumbusha kwamba hata tiba yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni mwili kujiponya wenyewe. Akasema ni tofauti kabisa. Kwake mwili unajiponya wenyewe kukiwa na mtu koridoni.

Alitaka kumtibu mama siku ileile. Alikuwa amesubiri mgonjwa kama huyu tangu apate cheti, na sasa alikuwa amelala chini ya paa lake. Tatizo ni kwamba mgonjwa alikuwa mama mkwe wake.

Kwetu Wasukuma mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono wala hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Tangu nimeolewa, wawili hawa wamesalimiana umbali wa uwanja mzima, "mwadila" huku na "mwadila" kule, kila mmoja akitazama upande wake kama mwenzake ni jua. Wanapendana sana. Mama akiwa na neno la kumwambia ananiambia mimi, hata kama mkwe wake ameketi hapo anasikia, na mimi natakiwa nilirudie.

Mume wangu akatafuta njia ya kupita. Alinyanyuka sebuleni, akaliangalia kabati, akaliambia kabati kwamba mayu, yaani mama kwa Kisukuma, aelezwe ya kuwa hii tiba kwa kweli si kushika. Mguso wake ni mwepesi mno. Inasemekana mwili wenyewe hauna hakika kama umeguswa au haukuguswa. Kwa hiyo, kwa maana ya kitaalamu, mwiko hauguswi.

Mama alikuwa ametazama dirishani. Alitafakari kwa adabu, kisha akaniambia:

"Mwambie baba watoto hivi. Kama ni kushika, ni mwiko. Kama si kushika, bega langu litapona na nini?"

Nililirudia neno kwa neno, ingawa alikuwa amelisikia na lilikuwa limeshamwingia. Mume wangu alikwenda kusimama mbele ya cheti chake akakisoma upya. Nakiri nilifurahi. Mwaka mzima nilikuwa natafuta swali lile na ualimu wangu wote, na mama amelipata akiwa amekaa kwenye kochi anachambua choroko kwa mkono mmoja.

Lakini usiku hakulala, maskini, na asubuhi alikuja na ufumbuzi. Mikono itakuwa yangu. Yeye atakaa koridoni, mlango umerudishwa, na ataniongoza kwa sauti. Akasema kwa vyovyote vile nusu ya tiba hufanyikia koridoni, kwa hiyo tulikuwa tumeongeza nusu tu.

Mama alikubali. Nilishangaa alivyokubali haraka.

Tulianza asubuhi hiyo na tukakwama hapohapo. Mwanamume asiyeweza kumgusa mama mkwe wake hawezi pia kuutaja mwili wake. Mume wangu alisafisha koo koridoni. Akasema niweke vidole kwenye ile sehemu. Nikauliza sehemu gani. Akasema ile iliyo chini ya nanihii. Kwapa halisemeki, kiuno ndiyo kabisa, na tiba hii, kwa bahati mbaya, inasisitiza kwamba bega huanzia kiunoni kwa sababu ya ule utando.

Aliyemwokoa ni ng'ombe.

"Tuseme ni ng'ombe," alisema kutoka koridoni kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa kamba. "Tafuta pale fahali anapoota nundu. Shuka kidogo. Sasa uende mpaka pale nira inapokaa."

Kuanzia siku hiyo mama yangu alitibiwa kama ng'ombe. Nilibiringisha misuli ya mguu wa mbele wa kulia. Nilifuata mstari wa mgongo mpaka karibu na mkia, ambapo mtaalamu alipunguza sauti kwa heshima. Mama alilala kifudifudi anasikiliza, naye ng'ombe ni fani yake, kwa hiyo hakuweza kunyamaza. Akaniambia nimwambie baba watoto kwamba nira haikai hapo, inakaa mbele zaidi, na ni wazi hajawahi kulima. Ni kweli hajawahi, amekulia mjini, baba yake alikuwa karani. Mtaalamu akanywea. Kesho yake alisema "pale nira inapokaa kwa maelekezo ya mayu".

Sauti za koridoni zina kawaida ya kutokea dirishani. Jirani yetu, mama mwenye roho nzuri na masikio mazuri zaidi, alikuwa anaanika mpunga upande wa pili wa ukuta. Kwa siku kadhaa akawa anamsikia mume wangu akisema: mguu wa mbele, polepole, usimshtue, ameanza kulegea? Mwache apumzike, usimkaribie. Hatimaye hakuvumilia. Aliingia na chupa ya dawa ya mifugo iliyobaki kwa kaka yake, akapita sebuleni moja kwa moja, akiuliza ng'ombe ameanguka lini na kwa nini tumemwingiza kwenye chumba cha watoto. Mume wangu alikimbilia uani.

Mama aligeuza uso taratibu kwenye mto.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia. "Ng'ombe ni mimi."

Tulicheka siku ile mpaka tukalia, sisi wanawake watatu, na chupa ile ya dawa iko juu ya kabati mpaka leo. Lakini bega halikupona. Kila asubuhi nilimpima kama mtaalamu alivyoniagiza: inua mkono, mayu. Mkono ulifika kifuani ukakwama. Mume wangu alianza kukonda. Alileta maelezo mapya karibu kila juma. Mara ni maji, inasemekana mama hanywi maji ya kutosha na utando umekauka. Mara ni umeme mdogo unaopita kwenye nyama. Mara ni uchungu wa zamani ambao mwili umeushikilia, na mayu aombwe auachie. Mama akauliza auachie uende wapi.

Kitu kimoja tu hakukipenda mama kwenye tiba yote, nacho ni mapumziko. Mtaalamu akisema "mwache" nilikuwa natoa mikono yangu, nasimama, nafunga mlango.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza mara ya kwanza.

Nikamweleza kwamba ndiyo tiba, natoka ili mwili usikilize.

"Kwa hiyo dawa ni kuondoka," akasema. Hakusema kwa hasira. Alilala akatazama ukutani, na mimi nikaenda kukaa koridoni na mtaalamu, tukawa wataalamu wawili.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Maswa. Asubuhi moja kaka akapiga simu kuniambia amepata mtu wa kukodi shamba, mtu mzuri, ana plau na maksai, na kesho anaanza kulima. Ng'ombe angekwenda kuwaswaga mwenyewe mwisho wa juma. Akaniomba nimwambie mama kwa upole. Kaka yangu hupenda mambo yasemwe kwa upole na mtu mwingine.

Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikaegemea nyuma ya mlango ule kutafuta maneno. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Ndipo nikaiona. Ukuta wa chumba kile tuliupaka rangi ya bluu hafifu watoto walipokuwa wadogo, na pale nyuma ya mlango, mahali mlango ukiwa wazi hakuna mtu anayepaona, palikuwa na alama za vidole vyenye samli, ile mama anayojipaka. Zilianza usawa wa kifua. Zikapanda. Zilipita usawa wa kidevu, zikapita usawa wa kichwa, zikaendelea kupanda taratibu kama mchwa, mpaka mahali ambapo mimi, ninayemzidi mama urefu, nililazimika kuinua mkono juu ya kichwa kupafikia. Zile za juu zilikuwa zimeshakauka na kushika vumbi. Hazikuwa za jana.

Nilimwita ndani. Alikuja na ungo. Nilizitazama alama, akazitazama na yeye, akauweka ungo kitandani.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia kaka amempata mtu, kesho wanalima shamba lake, ng'ombe wanaswagwa, na yeye ana mkono mzima na kila asubuhi ananiinulia mpaka kifuani ananidanganya. Nilimuuliza alitaka nini. Nyumba inakwenda, mama, kwa ajili ya nini?

Alikaa. Akawa anaokota chembe za mchele zilizomwagikia shukani.

"Tangu baba yenu afariki," akasema, "aliyenigusa ni fundi cherehani, alipokuwa ananipima sare ya kwaya. Naye alikuwa na haraka. Na huyo daktari wako, na glavu."

Akasema alikuwa anasubiri wingu la kwanza lenye mvua ndipo apone. Mvua, alisema, angeiona yeye kabla yetu sote. Alijua hesabu yake, ila hakujua kaka yangu angewahi.

Nilikumbuka kwamba nampa mama mkono nikifika Ipililo na nampa mkono nikiondoka, na katikati nampa sukari na sabuni. Nililia mbele yake kama mtoto. Yeye hakulia. Aliinua mkono wake wa kulia, ule ulioganda, akaupitisha juu ya kichwa chake bila kukwama popote, akajifunga kitambaa kwa fundo la nyuma. Kisha akaomba nauli, akasema atafika Maswa kabla kaka yangu hajanywa chai ya saa kumi.

Alipofika, kaka anasema, alisimama mlangoni pake akainyoosha mikono yote miwili juu kama mtu aliyetekwa, akauliza ni nani anayelima shamba la mtu mzima. Yule mtu wa maksai aliambiwa asifunge safari.

Mume wangu sikumwambia habari ya ukuta. Nilimwambia tu kwamba bega limepona, na alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akafuta macho kwa mkono wa shati. Ukiwa umeolewa na mtu mwema, kuna ukweli ambao unaufuta ukutani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Kosa lilikuwa limeshafanyika kwenye hiace. Mama hajui kusafiri kimya, na kati ya Bariadi na Maswa abiria wote waliambiwa kwamba ametibiwa bega na mkwe wake. Watu wakaguna. Mkwe? Kakushika? Mama akawatoa wasiwasi:

"Hata kidogo. Alikuwa koridoni."

Haikupita muda wakaanza kuja. Wengine walitoka Malampaka, wengine walitoka huko Lingeka wilayani Meatu, na goti, na nyonga, na shingo. Inasemekana, waliambizana, kuna mtu Bariadi anaponya bila kugusa. Mume wangu aliposikia lile neno likirudi kwake limevaa nguo za watu wengine, alijaribu kulisahihisha. Aliwakalisha sebuleni, akaleta bango, akaeleza mishipa ya fahamu, akaeleza utando wa ng'ombe, akasema jamani ninagusa, kwa upole lakini ninagusa. Walimsikiliza kwa heshima kubwa wakisubiri amalize atoke nje. Mwanamume mmoja mwenye goti aliruka nje kupitia dirishani kidole gumba kilipomfikia, akasema hakuja kwa tiba za kawaida. Sasa mtaalamu amesalimu amri. Mgonjwa analala, mlango unafungwa, yeye anakaa koridoni na simu yake. Wapo wanaotoka wamepona wakati yeye bado anatafuta ndala. Wanasema alichokifanya kimewaingia kabisa.

Cheti bado kiko ukutani. Nimeshauri kihamie koridoni.

Mvua zilipokatika katikati ya msimu, mama akapiga simu. Pamba imeota vizuri, ng'ombe hawajambo, mhola tu, salama. Kisha akasema, kana kwamba amekumbuka jambo dogo, kwamba bega limerudi.

Mume wangu alinifungashia maelekezo ya safari. Nianze karibu na mkia. Nisisahau nira, kwa maelekezo ya mayu. Na zaidi ya yote nisisahau kutoka nje, maana bila mapumziko yote ni bure.

Nilifika Ipililo mchana. Mama alikuwa anapandisha kutoka kisimani, ndoo imejaa kichwani, mkono wa kulia umenyooka juu umeishika ukingo, imara kabisa. Aliponiona alisimama. Akaitua ndoo taratibu, bila msaada. Kisha akaushusha ule mkono, akaukunja, akaulaza kifuani.

"Linauma," akasema.

"Naona, mayu. Twende ulale."

Alilala kwenye kitanda chake, uso upande wa ukuta. Nikaweka mikono pale fahali anapoota nundu. Ana mifupa myepesi mama yangu, na ngozi yake ina joto la jua, na nilikuwa sijui. Nilibiringisha msuli kama nilivyofundishwa, kisha nikaacha kubiringisha nikawa nimeweka mikono tu. Simu ikaita. Nikaipokea kwa bega na sikio.

Mtaalamu alitaka kujua kama nimempa mapumziko.

"Nimempa," nikamwambia.

Akauliza kama nimetoka nje na kufunga mlango, mwili upate kusikiliza.

"Niko nje," nikasema, na mama, uso wake ukiwa ukutani, akaanza kucheka, nikausikia mgongo wake ukicheka chini ya mikono yangu.